Wahindi Hawakuzaliwa na Raketi Mkononi



Mwezi uliopita nilishuka Diani jioni moja kumchukua mpwa wangu kazini. Ni kijana wa animesheni katika hoteli moja ya ufuoni. Kazi yake ni kuwachangamsha wageni: leo mpira wa wavu mchangani, kesho ngoma, keshokutwa michezo ya bwawani. Nilimkuta kando ya bwawa akicheza tenisi ya meza, au pingpong kama vijana wenyewe wanavyoiita, na mgeni mmoja wa makamo. Mgeni alikuwa akitokwa na jasho, mpwa wangu akitabasamu. Alimfunga seti tatu mfululizo, na bila shaka alimwachia pointi mbili tatu za heshima, maana mgeni ni mgeni.

Walipomaliza mzee yule alimshika mkono akamuuliza kocha wake ni nani. Kijana akacheka. Akamwambia hana kocha, amejifunza hapo hapo, kwenye meza ile ile, tangu alipoandikwa kazi akiwa na miaka 19.

Tulipanda tuktuk kurudi Ukunda. Nikampongeza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, hayo ni ya sasa tu. Wageni wakipungua mwezi wa Aprili tutapumzishwa. Mimi narudi kwenye boda."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Nikakumbuka kwamba Manika Batra, mwanadada wa Delhi aliyekuja kuitikisa dunia ya tenisi ya meza, alishika raketi akiwa na miaka 4. Mpwa wangu alishika akiwa na 19. Baina yao ni miaka 15. Nani aliyemzuilia mtoto wa Ukunda miaka hiyo 15? Hilo ndilo swali langu leo, na ndiyo sababu nitawapeleka India kwanza kabla ya kuwarudisha Kwale.

Walikotoka

Hapa kwetu ukitaja mchezo huu, jibu la kwanza barazani ni kwamba huo ni mchezo wa Wahindi, au wa matajiri, au wa hotelini. Kana kwamba Mhindi huzaliwa na raketi mkononi kama vile sisi tunavyodhaniwa kuzaliwa tukijua kuogelea. Si kweli, na historia yao wenyewe yaonyesha hivyo.

India ilikuwamo katika mchezo huu tangu mwanzo kabisa, Shirikisho la dunia lilipoundwa mwaka 1926. Mwaka 1952 mashindano ya dunia yalichezwa Bombay, na ilikuwa mara ya kwanza kuchezwa barani Asia. Wangekuwa na kipaji cha kuzaliwa, wangeanza kuzoa dhahabu hapo hapo. Hawakuzoa. Miaka ilipita, Wachina wakatawala, Wajapani wakatawala, Wakorea wakatia fora, na India ikabaki mtazamaji mwenye meza nyingi.

Mlango ulifunguka mwaka 2006 huko Melbourne, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kijana wa Chennai aitwaye Sharath Kamal, mwenye miaka 23, alishinda dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja na dhahabu ya timu. Baba yake na ami yake ndio waliomfundisha. Hesabu basi: kutoka Bombay 1952 hadi Melbourne 2006 ni miaka 54. Mtu aliyekuwa mtoto wa shule Bombay aliisikia habari ya Melbourne akiwa na wajukuu.

Kisha yakaja ya mwaka 2018, Gold Coast, Australia. Timu ya wanawake ya Singapore ilikuwa haijapata kupoteza dhahabu ya Jumuiya ya Madola tangu mchezo huu ulipoingizwa mwaka 2002. Mara nne mfululizo ilikuwa yao. Fainali ikawakutanisha na India, na Manika Batra akapangwa na Feng Tianwei, ambaye wakati huo alikuwa wa nne duniani. Manika akamfunga. India ikatwaa dhahabu. Siku chache baadaye akashinda tena dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja, mwanamke wa kwanza wa Kihindi kufanya hivyo.

Silaha yake moja yafaa kuelezwa, maana ndani yake mna somo. Raketi ya mchezo huu huvishwa mpira pande mbili. Wachezaji wengi wakubwa hutumia mpira laini pande zote, ule unaoushika mpira na kuuzungusha. Manika upande mmoja ametia mpira wenye vinundu virefu, ambao huvuruga mzunguko: mpinzani ameupiga mpira ukizunguka hivi, nao unamrudia ukizunguka vile. Ni kama kumtupia mtu nazi akapokea dafu. Hakuiga Wachina mchezo wao ili awashinde kwa mchezo huo huo. Alitafuta njia yake, akaifanyia mazoezi miaka mingi, wakamshindwa kumsoma.

Mwaka 2022 Birmingham, Sharath Kamal alikuwa na miaka 40. Umri huo hapa kwetu mwanamichezo huitwa mzee na kuombwa awe mwamuzi. Yeye aliondoka na dhahabu tatu: ya mchezaji mmoja, ya timu, na ya mseto akiwa na binti wa Hyderabad, Sreeja Akula. Manika safari hiyo alirudi mikono mitupu, na India haikumtupa. Miaka miwili baadaye Olimpiki ya Paris ilimkuta yumo, na yeye na Sreeja wakawa Wahindi wa kwanza kufika 16 bora ya mchezaji mmoja mmoja katika Olimpiki. Timu zao za wanaume na za wanawake pia zilifuzu Paris, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na kina dada wakafika robo fainali. Sharath alikuwa mmoja wa washika bendera wa taifa lake. Machi 2025 akastaafia nyumbani kwao Chennai.

Katikati hapo kuna G. Sathiyan, Mhindi wa kwanza kuingia katika 25 bora duniani, mwaka 2019. Kuna Sutirtha Mukherjee na Ayhika Mukherjee, marafiki wa tangu utotoni kutoka mji mdogo wa Naihati, Bengal. Katika Michezo ya Asia ya Hangzhou, mwaka 2023, waliwatoa mabingwa wa dunia wa China, Chen Meng na Wang Yidi, wakiwa kwao China, wakaishia na shaba. Na kuna Bhavina Patel, binti wa kijijini Gujarat aliyepatwa na polio akiwa mtoto mchanga, ambaye katika Michezo ya Walemavu ya Tokyo alishinda fedha akicheza kwenye kiti cha magurudumu.

Nisiwapambe kupita kiasi. Hadi leo India haina hata medali moja ya Olimpiki katika mchezo huu. China ingali mbali. Hata hivyo, kuna nchi iliyokaa miaka 50 pembeni na sasa inaogopwa, na ni haki yetu kuuliza imefanyaje.

Mcheza kwao hutunzwa

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi twaimba maneno hayo harusini. Wahindi wameyafanya sera.

Sharath Kamal hakuwa akiishi kwa zawadi za mashindano. Alikuwa mwajiriwa wa shirika la mafuta la serikali, IndianOil. Sathiyan ni mwajiriwa wa shirika jingine la mafuta, ONGC. Sreeja Akula ameajiriwa na Benki Kuu ya India. Shirika la reli nalo lina desturi ya muda mrefu ya kuwaandika kazi wanamichezo. Maana yake ni kwamba mzazi wa Hyderabad au Chennai akimwona mtoto wake akipoteza saa tatu kwa siku kwenye meza, haoni kwamba anapoteza. Anaona mlango wa kazi yenye mshahara na pensheni. Hata asipofika Olimpiki, akiwa wa 30 nchini, kuna taasisi itamwandika.

Hapo ndipo penye siri. Kipaji kimejaa kila mahali. Mpwa wangu anacho, na vijana wa animesheni wa pwani nzima wanacho. Kinachokosekana ni sababu ya mama wa Ukunda kumruhusu mwanawe akitie kipaji hicho miaka 15 ya jasho.

Jambo la pili ni ratiba. Mtoto wa Kihindi ana mashindano ya mtaa, ya wilaya, ya jimbo, ya taifa, kwa umri wake, kila mwaka. Tangu 2017 pia kuna ligi ya kulipwa, Ultimate Table Tennis, ambamo wageni wakubwa huja kucheza upande mmoja na wenyeji. Quadri Aruna wa Nigeria, mmoja wa wachezaji wakubwa Afrika imepata kuwa nao, ameicheza. Kijana wa Surat hahitaji kwenda Ulaya kukutana na bingwa. Bingwa huletwa mlangoni kwake.

La tatu, na hili lataka kusikizwa na wapenda vyeo wetu, ni kwamba mchezo wao haukutegemea ofisi moja. Usidhani shirikisho lao ni la malaika. Mwaka 2021 Manika Batra alilishtaki mahakamani kwa malalamiko mazito, na Februari 2022 Mahakama Kuu ya Delhi ikausimamisha uongozi wake na kuweka wasimamizi. Ilikuwa miezi michache tu kabla ya Birmingham. Kwetu sisi ugomvi kama huo hutosha kuua mchezo miaka mitano. Kwao dhahabu ziliendelea kuja, kwa sababu waajiri waliendelea kulipa, vituo vya mazoezi viliendelea kufunguliwa asubuhi, na makocha wa mitaani hawakungoja simu kutoka makao makuu. Chombo chenye mafundo mengi hakizami kwa kukatika kamba moja.

Si mgeni kwetu

Sasa turudi nyumbani. Anayesema haya ni ya Wahindi wa mbali amesahau kwamba bahari hii ni moja. Surat, Kachchh na Mandvi si majina mageni kwa Mombasa wala kwa Vanga. Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, yakileta vitambaa na kuchukua boriti, na wengine waliokuja nayo walibaki, wakazaliwa hapa na kuzikwa hapa. Harmeet Desai na Manav Thakkar, wachezaji wawili wakubwa wa India wa siku hizi, wote wanatoka Surat. Na katika timu ya Kenya, jina lililosikika sana upande wa kina dada kwa miaka ni la Sejal Thakkar. Ukoo wa jina ni ule ule; bahari ndiyo iliyo katikati.

Tena tusisahau kwamba dhahabu za kwanza za Kenya katika michezo ya Jumuiya ya Madola zililetwa na mtoto wa Mombasa mwenye asili ya Goa, Seraphino Antao, mwaka 1962 huko Perth. Alishinda yadi 100 na yadi 220. Kabla ya majina makubwa ya Bonde la Ufa kuijaza dunia, pwani ndiyo iliyotangulia. Vijana wetu wengi hawalijui jina hilo. Si kosa lao, ni letu tuliowatangulia.

Afrika nayo haiko nyuma kama tunavyodhani. Omar Assar wa Misri amefika robo fainali ya Olimpiki Tokyo na tena Paris. Aruna alifika robo fainali ya mashindano ya dunia mwaka 2021. Mwaka 2023 mashindano ya dunia yalichezwa Durban, mara ya kwanza kurudi Afrika tangu Cairo mwaka 1939. Wamisri na Wanaijeria wametembea. Afrika Mashariki ndiyo iliyokaa kitako.

Meza zetu ziko wapi?

Meza zipo. Tembea kuanzia Galu hadi Tiwi, hesabu hoteli zenye meza ya pingpong kando ya bwawa au chini ya makuti. Kisha rudi huku juu kwenye shule za msingi za Ukunda, Mwamanga na Mvindeni, uhesabu za huko. Utaona ya kwamba umaskini wetu si wa meza; ni wa barabara iliyo katikati.

Hata zile chache zinazoletwa huku zina kisa chao. Kituo kimoja cha vijana, jina lake nitaliacha, kililetewa meza mpya na wafadhili. Picha zikapigwa, hotuba zikasomwa, soda zikanywewa. Nilipopita miezi kadhaa baadaye kumtafuta kijana mmoja wa mtaani, niliikuta meza imekunjwa na kufungiwa stoo, juu yake pamewekwa viti vya plastiki na mabango ya zamani. Nikauliza kwa nini. Mlinzi akanijibu kwa adabu: "Bwana, wakiichezea itaharibika."

Nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha uchungu. Meza isiyochezewa imekwisha kuharibika. Na hapo nje, hatua 50 kutoka stoo hiyo, palikuwa na kundi la vijana wamekaa juu ya pikipiki zao, kila mmoja kainamia simu. Wengine walikuwa wakibeti. Wengine, sote twajua, wameingia katika mambo mabaya zaidi ya kubeti. Hakuna nyumba Ukunda isiyojua jina la kijana aliyepotelea kwenye unga, au aliyeondoka usiku na asirudi.

Sisemi mpira wa gramu 2.7 utaponya yote hayo. Ninasema kijana mwenye mahali pa kwenda saa kumi jioni kila siku, mwenye kocha anayemjua kwa jina na mechi ya Jumamosi anayoingoja, ni mgumu zaidi kuvutwa na yule anayepita na pesa za haraka.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na yote yanaweza kuanza kabla ya mwaka kwisha.

Kwanza, hoteli. Aprili hadi Juni wageni ni wachache, meza zimelala na vijana wa animesheni wamepumzishwa. Ziazimwe shule miezi hiyo, na vijana hao hao walipwe chochote wafundishe. Hoteli inayobadilisha meza isiuze ile ya zamani kwa bei ya kuni, iivushe barabara.

Pili, tuzijenge wenyewe. Kule Ujerumani na China meza za saruji zimejaa katika bustani za umma, hukaa mvua na jua. Vipimo havina siri: urefu mita 2.74, upana mita 1.525, kimo sentimita 76, wavu sentimita 15.25. Hakuna fundi wa Ukunda anayeshindwa na kazi hiyo. Shida ni upepo, maana kusi ikivuma mpira hauendi ulikotumwa. Basi ijengwe nyuma ya darasa, upande uliokingwa, au ndani ya banda la shule. Ya saruji ina faida nyingine: haikunjiki, haifungiwi stoo.

Tatu, serikali ya kaunti iweke ratiba. Kwale ina wadi 20 katika maeneo bunge manne: Msambweni, Matuga, Lunga Lunga na Kinango. Mashindano ya wadi muhula wa kwanza, ya eneo bunge muhula wa pili, ya kaunti muhula wa tatu, kwa watoto wa chini ya miaka 12 na chini ya 15. Hii ni kaunti iliyosifiwa nchi nzima kwa kusomesha watoto kupitia mpango wa Elimu ni Sasa. Iliyoweza kulipa karo ya maelfu haiwezi kushindwa na kununua mipira ya plastiki.

Nne, na ndiyo nzito, ajira. Halmashauri ya Bandari ina timu ya kandanda na timu za mpira wa kikapu, na vijana wengi wa pwani wamepata riziki kwa njia hiyo. Kwa nini isiwe na mezani pia? Kwa nini kaunti, kampuni za maji, benki zilizo na matawi hapa Ukunda, zisiwe na mchezaji mmoja mmoja kwenye orodha ya mshahara? Mwanzo mzuri ni wawili tu. Mama mmoja akiona mtoto wa jirani ameandikwa kazi kwa ajili ya raketi, hutahitaji kumhubiria tena.

Na bahati haijatupita. Waziri wa michezo wa nchi hii tangu Desemba 2024 ni Mheshimiwa Salim Mvurya, aliyekuwa gavana wetu karibu miaka 10. Hahitaji ramani ya kumfikisha Ukunda. Upo pia Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, unaopata fedha zake kutokana na kodi za kamari. Sitaingia katika fiqhi ya fedha hizo, nawaachia masheikh. Ila najua zimetoka kwenye simu za nani. Sehemu yake imetoka kwa wale vijana waliokaa juu ya pikipiki, hatua 50 kutoka stoo. Wanachodai ni chao.

Watakaonipinga

Wapo watakaosema pwani ni kandanda. Sawa, nami napenda kandanda. Lakini uwanja mmoja wa kandanda wawataka vijana 22 na ardhi ambayo kila mwaka inamezwa na mijengo. Meza moja huenea katika chumba kimoja, na jioni moja wanapita watoto 20 wakipokezana, mwembamba na mnene, mrefu na mfupi. Bhavina Patel angefanya nini kwenye uwanja wetu wa kandanda? Kwenye meza amekuwa fahari ya taifa. Tunao watoto wenye ulemavu mitaani mwetu ambao Jumamosi hukaa vibarazani wakitazama wenzao.

Wapo wazazi watakaouliza kuhusu mabinti. Swali lao nalipokea kwa heshima, nami pia nina mabinti. Mchezo huu huchezwa ndani, hauna kugusana, na hautaki mtu avue stara yake. Neda Shahsavari wa Iran ameingia Olimpiki akiwa na hijabu yake kichwani, na hakuna aliyemrudisha. Binti wa madrasa anaweza kucheza baina ya alasiri na magharibi, akamaliza, akatawadha, akaswali. Saa ya mchezo ikipangwa vizuri haigombani na saa ya sala. Kinachogombana na sala ni kukaa bila kazi.

Na wapo watakaosema ni mapema mno, tuanze na shida kubwa. Hao nawajibu kwa kalenda. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka huu wa 2026 huko Glasgow imepunguzwa, na tenisi ya meza imeachwa nje. Lakini ya mwaka 2030 imepewa Ahmedabad, Gujarat, na mezani imerudishwa. Mtoto wa Ukunda mwenye miaka 10 leo atakuwa na 14. Hatakuwa tayari, nakubali. Manika mwenyewe alishinda dhahabu ile akiwa na 22. Lakini mtoto huyo akianza leo, mwaka 2038 atakuwa na 22, na huo ndio mwaka wa kumngoja. Akianza akiwa na 19, kama mpwa wangu, atawafurahisha watalii mpaka Aprili ifike.

Mwakani ni uchaguzi. Tayari jezi zinashonwa. Tutaona vikombe vya wiki mbili vyenye majina ya wagombea, fainali yenye spika kubwa, mshindi akipewa mbuzi na bahasha, kisha kimya cha miaka 5. Siwakatazi vijana kuzivaa jezi hizo. Nguo ni nguo. Lakini mgombea akija barazani kwenu, kabla hajaketi kunywa kahawa, mwulizeni swali moja: meza ya saruji itajengwa shule gani, na nani ataandikwa kazi ya kufundisha?

Mpwa wangu amenituma nimalizie kwa hili. Nimemwonyesha makala haya kabla ya kuyapeleka, akayasoma yote, akanirudishia simu. Akasema yeye wakati wake umepita, asidanganywe mtu. Lakini anajua fundi wa saruji, tena ni rafiki yake, na Aprili atakuwa na nafasi. Anachotaka ni shule itakayompa ukuta wa kukinga upepo.

Mwalimu mkuu atakayesoma haya, anajua pa kunipata. Niko barazani baada ya alasiri, inshallah.